Makufuli Matatu ya Daftari la Waasisi

Sura ya Nne

Kabati lilikuwa na makufuli matatu, na yote matatu yalikuwa mazima kama siku yaliyotoka dukani. Inspekta aliyavuta moja moja, akachungulia tundu la ufunguo la kila moja kwa jicho la kushoto, kisha akarudia kwa jicho la kulia. Kituoni walimwita Taratibu, tena walimwita hivyo mbele yake, naye alikuwa akiitika. Sasa huyu ni mwizi gani, alijiuliza, anayefungua makufuli matatu, anachukua kitabu kimoja, kisha anayafunga yote matatu kabla hajakimbia? Labda ni mwizi aliyelelewa vizuri.

"Funguo ziko kwa nani?" akauliza.

"Mmoja kwangu," akajibu Mwenyekiti wa soko. "Wa pili kwa Katibu. Wa tatu," akakohoa kidogo, "wa tatu nao kwangu, tangu Mweka Hazina afariki."

"Alifariki lini?"

"Mwaka wa kumi na moja huu."

"Poleni sana."

"Tumeshapoa."

Mwenyekiti alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa sauti, na viatu vyake vyeusi viling'aa mpaka ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Alikuwa amekalia kiti chenye mikono. Kando yake kulikuwa na kiti kingine cha namna ileile, kitupu, lakini Inspekta alikuwa ameelekezwa akae kwenye kigoda, magoti yakimgusa kidevu, kwa maelezo kwamba kile kiti ni cha waasisi. Tena asubuhi hiyohiyo mlinzi alikuwa amemzungusha hadi lango la nyuma, kwa sababu lango la mbele kabla ya mkutano ni la waasisi. Inspekta wa polisi, mwenye pingu na kitambulisho, akazunguka. Akakaa kwenye kigoda. Na hakuona ajabu yoyote.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Soko lile lilikuwa na vizimba arobaini. Kumi na viwili vilitazama lango kuu, mahali ambapo mteja huingia akiwa na pochi nene na moyo mweupe. Vilivyobaki vilikuwa nyuma, karibu na vyoo, mahali ambapo mteja hufika mbio, na si kwa ajili ya kununua. Nani akae mbele na nani akae nyuma, hilo liliamuliwa na Daftari la Waasisi, lililoandikwa majina ya wale waliojenga soko zamani hizo. Aliyetokana na jina lililomo, mbele. Asiyetokana nalo, nyuma. Kila mwaka, siku ya mkutano mkuu, Mwenyekiti alilifungua mbele ya watu, akasoma majina, na watu wakakaa walipokuwa wamekaa mwaka uliopita.

Mkutano ulikuwa leo, saa sita mchana. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo, na daftari halikuwepo.

"Lakini, afande, kwani unahangaika nini?" Mwenyekiti akasema. "Mwizi tumeshamkamata. Ni yule Fundi Viatu wa kule nyuma. Wiki iliyopita alisimama mbele ya Kamati akataka alione daftari kwa macho yake. Kwa macho yake! Na leo asubuhi kitambaa cha kijani tunachofungia daftari kimekutwa chini ya kigoda chake. Nimeshampigia simu mkubwa wako. Mtie ndani, mimi saa sita natangaza kumfukuza sokoni, maisha yaendelee."

"Na daftari lenyewe?"

"Atakuwa ameshalichoma huyo."

"Akabakiza kitambaa?"

Mwenyekiti akamtazama kama anayemtazama mtoto aliyemwaga uji. "Wezi hawana akili, afande."

Konstebo, mwanamama mwenye haraka aliyekuwa na Inspekta, hapo ndipo alipoibuka na jambo. Ndani ya sanduku la vifaa la Fundi Viatu alikuwa amekuta bisibisi. "Afande, hakugusa makufuli kabisa! Kafungua bawaba, kachukua daftari, kakaza tena!" Mwenyekiti akapiga makofi. Hata Inspekta alifurahi, maana magoti yalishaanza kumuuma. Akainama kwenye bawaba. Skrubu zote zilikuwa zimepakwa rangi pamoja na mlango, tabaka juu ya tabaka, na rangi haikuwa na ufa hata mmoja.

"Bisibisi haijagusa hapa tangu mimi niko darasa la pili," akasema. Konstebo akairudisha bisibisi kwenye mfuko kwa huzuni.

Inspekta akaomba kabati lifunguliwe. Mwenyekiti akasita, akapapasa mifuko, akafungua mawili. Katibu, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni, akaitwa akafungua la tatu. Ndani kulikuwa na rafu moja. Inspekta akapitisha kidole, kidole kikarudi kimevaa soksi ya vumbi.

"Nani hufuta vumbi humu?"

"Hakuna," Mwenyekiti akasema kwa fahari. "Ni mwiko. Daftari halisumbuliwi. Linakaa humo mwaka mzima, linatoka siku moja tu."

Inspekta akaitazama ile rafu kwa muda mrefu, akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akashukuru. Kisha akatoka kwenda kuuliza swali moja tu, swali ambalo Konstebo aliliona la kipuuzi: daftari lililoibiwa linafananaje?

Muuza Ndoo, shemeji yake Mwenyekiti, mwenye kizimba cha tatu mbele, hakusita hata kidogo. "Jekundu. La ngozi. Kubwa kama mlango."

Muuza Vitunguu, mtu wa nyuma, mwenye mbavu nene kama gunia, hakusita vilevile. "Jeusi, afande. Halafu jembamba. Lina kifungo cha dhahabu ubavuni."

"Umekiona hicho kifungo?"

"Mimi? Nitakionea wapi? Kila mtu anajua."

Alipomuuliza Katibu, Katibu akafikiri, akabadilisha kalamu mifukoni. "Lina rangi ya heshima, afande."

"Heshima ni rangi gani?"

"Inategemea na mwanga."

Inspekta akafunga kijitabu. "Bwana Katibu, mwaka wa ngapi huu unasimama ubavuni mwa Mwenyekiti akisoma?"

"Wa ishirini na mbili."

"Na hujaliona?"

"Afande, wewe vipi? Kabati likifunguliwa mimi hugeuza uso, na daftari likifunguliwa watu wote huinamisha macho chini, mpaka Mwenyekiti aseme 'Nimefunga'. Ndiyo adabu yetu. Ukiinua macho unaonekana huna wazazi."

Konstebo akamtazama Inspekta. Inspekta akamtazama Konstebo. Wakaenda nyuma.

Fundi Viatu alikuwa amefungwa pingu mkono mmoja kwenye nguzo ya kizimba chake, jirani kabisa na mlango wa choo. Alikuwa mama wa makamo, vidole vyeusi kwa rangi na gundi, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, ingawa kwa sasa alikuwa amehamia kwenye hasira. Kabla Inspekta hajafungua kinywa, yeye alishafungua chake.

"Vua hicho kiatu."

"Mama, mimi nimekuja kukuhoji."

"Hoji. Lakini vua. Soli inapiga makofi tangu unaingia langoni. Siwezi kujibu maswali ya mtu mwenye kiatu kinachocheka."

Inspekta akavua. Mama akakibana kiatu katikati ya magoti, akashika gundi kwa mkono ulio huru, na mkono wa pingu akautumia kama jiwe la kukandamizia.

"Miaka kumi na tisa," akasema, bila kuinua uso. "Miaka kumi na tisa niko hapa na harufu hii, nimesomesha wanangu wawili kwa soli za watu. Sijawahi kuchukua hata msumari wa mtu. Leo saa sita wananifukuza kama paka. Nikitoka hapa naenda wapi, afande? Hebu niambie."

Inspekta akageuza ukurasa wa kijitabu chake. Akauliza, "Kwa nini ulitaka kuliona daftari?"

Mama akapaka gundi. "Utanicheka."

"Sicheki kazini."

"Siku ya mkutano, Mwenyekiti huwa anataka viatu ving'ae. Sasa mwaka jana alichelewa, nikawa bado namalizia kiatu chake na yeye ameshapanda jukwaani, mguu mmoja juu ya kisanduku changu, ameanza kusoma. Watu wote macho chini. Na mimi macho chini, kwenye kiatu. Kitambaa kikateleza. Afande, nilikuwa pale chini kabisa, nikainua jicho hivi, kidogo tu..." Akashusha sauti. "Nikaona kuku."

"Kuku?"

"Kwenye jalada. Mweupe, amenona, ananitazama."

Konstebo akageuka ukutani, mabega yakimtikisika.

"Mbona hukusema?" Inspekta akauliza.

"Ningesema nini? Miaka yote wananiambia babu zao wameandikwa humo. Nikafikiri labda na kuku naye ni mwasisi." Akagonga soli kwa nyundo mara tatu. "Lakini yule kuku alininyima usingizi. Nikaomba kuliona daftari. Nikaambiwa Kamati itakaa. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona kwamba na wao wanataka kuliona, basi juzi Mwenyekiti akakubali kwamba leo litaonyeshwa kwa wote. Leo asubuhi, loo, limeibiwa, na kitambaa kiko kwangu."

Inspekta akaomba kile kitambaa. Kilikuwa safi, kimefuliwa, kimepigwa pasi, mikunjo yake imenyooka kama ya shati la harusi. Akakipitishia kidole kilekile cha kabatini. Hakikuokota vumbi hata chembe. Kwenye pindo kulikuwa kumenasa unyoya mdogo mweupe.

"Konstebo, kitu kikikaa mwaka mzima kwenye vumbi kisha kikiondolewa, panabaki nini?"

"Panabaki alama yake, afande. Pasafi."

"Kule kabatini vumbi limelala sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna kilichoondolewa leo, wala jana." Akasimama, mguu mmoja na soksi. "Nani hapa sokoni anauza mayai?"

Kizimba namba moja, cha kwanza kabisa ukiingia lango kuu, kilikuwa cha Mama Mayai, mke wa Mwenyekiti. Alikuwa mwanamke mcheshi asiye na kinyongo na mtu, na alipomwona Inspekta anakuja akichechemea na kiatu kimoja alimwonea huruma papo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuibia?"

"Kinashonwa. Mama, mayai yako makubwa haya. Kuku wako unawalisha nini?"

Hapo alikuwa ameuliza kwa mtu sahihi. Mama Mayai alieleza pumba, akaeleza dagaa wa kusaga, akaeleza chokaa, akaeleza tabia mbaya za jogoo wa jirani. "Na haya yote sikubuni mwanangu, yamo kitabuni." Akainama, akachomoa kitabu kutoka chini ya trei za mayai. Jalada lilikuwa limechakaa, kuku mweupe juu yake amenona, anamtazama Inspekta. *Mwongozo wa Kufuga Kuku wa Mayai.*

"Kizuri hiki," Inspekta akasema, akijitahidi sauti isimtetemeke. "Mzee naye hukisoma?"

"Baba watoto? Thubutu! Yeye hukiazima mara moja kwa mwaka, siku ya mkutano. Asubuhi anaondoka nacho, jioni ananirudishia. Sijui kuku wanamhusu nini huko. Mwaka huu kasema hakihitaji, nikashukuru, maana vifaranga wangu wanaumwa."

"Na kitambaa cha kijani?"

"Ee! Cha meza yangu ya sebuleni! Nimekifua juzi, nimekipiga pasi, jana kakichukua na mpaka sasa sijakiona. Ukikutana naye mwambie, mwanangu. Meza iko uchi."

Saa sita kamili mkutano ukafunguliwa. Watu wa mbele walikuwa kwenye viti, watu wa nyuma wamesimama nyuma yao, na Mwenyekiti jukwaani alikuwa ameshafika mahali pa kusema "mwanamke huyu asiye na shukrani" pale Inspekta alipopanda ngazi, kiatu kimoja kikilia ko, mguu mwingine ukipita kimya.

"Samahani, Mwenyekiti. Daftari limepatikana."

Akalifungua. Na papo hapo, kama waliovutwa kwa kamba moja, watu wote sokoni wakainamisha vichwa. Mbele, nyuma, mlinzi wa lango, Katibu na kalamu zake. Konstebo naye, Mungu amsamehe, aliinama.

"Sura ya kwanza," Inspekta akasoma. "Namna ya kuchagua jogoo."

Hakuna aliyeinua kichwa.

"Jogoo bora ni yule mwenye kifua kipana, sauti kubwa, na asiyependa kupakana na wenzake."

"Huyo ni babu yetu!" Muuza Ndoo akasema kwa uchungu, macho chini, akafuta chozi.

Kutoka nyuma, kwenye nguzo ya choo, kikasikika kicheko. Kilianza kama cha mtu anayejizuia, kikashindwa kujizuia. Fundi Viatu alicheka mpaka pingu ikagonga nguzo. Hapo ndipo mtu mmoja akainua jicho, na wa pili, na mara soko zima likawa linatazamana na kuku.

Mwenyekiti alikaa chini. Sauti ilikuwa imemwisha.

"Lile la kweli liko wapi?" Inspekta akamuuliza.

"Mchwa," akasema. "Wakati wa marehemu baba. Alinikabidhi funguo, akaniambia: mwanangu, ndani hamna kitu, kwa hiyo ongeza kufuli. Lilikuwa moja, mimi ndiye niliyeongeza mawili."

"Na majina unayosoma?"

"Nayajua kwa kichwa."

"Shemeji yako kahamia mji huu miaka sita iliyopita. Naye alijenga soko?"

Mwenyekiti akafikiri. "Alijenga baadaye."

Inspekta alitegemea ghasia. Alikuwa hata amemwashiria Konstebo akae tayari. Badala yake alisimama Muuza Vitunguu, mtu wa nyuma, mbavu za gunia, amekasirika kwelikweli, na aliyemkasirikia alikuwa Inspekta.

"Sasa, afande, umetufanyia nini? Bila daftari tutajuaje nani akae nyuma?"

Watu wakaguna kukubaliana naye. Katibu, ambaye hakuzaliwa jana, alishachomoa daftari jipya la shule na kalamu mbili. "Ndugu wanachama, msiwe na wasiwasi! Tutaliandika upya sasa hivi. Pangeni foleni, kila mtu ataje jina lake!" Wakapanga. Na Inspekta akaona kwa macho yake watu wa nyuma, waliokuwa wamesimama tayari na kuiwahi meza ya Katibu, wanarudi hatua moja, hatua mbili, wakisema tangulieni, tangulieni tu, mpaka watu wa mbele wote kumi na wawili wakawa mbele. Hakuna aliyewaamuru. Moyo ulimuuma kuliko alivyotarajia.

Akampeleka Mwenyekiti kwenye gari, kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo polisi na kumwekea mwenzake ushahidi. Njia nzima watu walimpisha. Konstebo akatangulia mbio, akamfungulia mlango wa mbele na kumsafishia kiti kwa mkono.

"Konstebo," Inspekta akasema. "Nyuma."

"Eh! Samahani, afande. Mkono umeenda wenyewe."

Mwenyekiti akaingia nyuma, akauliza kama kuna mto wa kukalia. Hakukuwa na mto.

Inspekta akarudi ndani kumfungua Fundi Viatu. Mama akakisugua kifundo cha mkono, akampa kiatu chake. Soli ilikuwa imeshika kama imezaliwa hapo. "Sikudai kitu kwa hiki," akasema. "Umenichekesha vizuri." Kisha akaitazama ile foleni kwa muda. Akainama, akachukua kisanduku chake na kigoda chake, akaanza kutembea. Alipita vyoo, akapita vitunguu, akapita foleni yote kutoka mkiani mpaka kichwani, akafika mbele kabisa, kwenye nafasi iliyokuwa wazi kati ya mayai na lango kuu. Hapo akatua kigoda. Akakaa.

Katibu akaruka. "Mama! Hapo ni pa waasisi!"

"Waasisi wa nini?"

"Wa soko!"

"Lipi? Lile limeliwa na mchwa, mmesema wenyewe." Akafungua kisanduku, akapanga brashi zake moja moja. "La sasa si ndiyo mnaliandika leo? Basi andika. Mimi nimefika kabla hujamaliza kuchora mistari."

"Ngoja basi nisogeze mayai," Mama Mayai akasema, akitoka kwenye foleni kurudi kizimbani kwake na kuvuta trei zake kumpisha. "Lakini ile gundi isinifikie."

Katibu akamgeukia Inspekta, kalamu hewani, akisubiri amri. Soko zima likamgeukia. Inspekta akaenda jukwaani, taratibu, akakibeba kile kiti kitupu chenye mikono, akaja nacho hadi mbele ya Fundi Viatu. Akakikalia. Kilikuwa kiti cha kawaida, mguu mmoja unacheza. Akavua kiatu cha pili, kile kizima, akamkabidhi.

"Hiki nacho kitazame, mama. Naona kama soli inataka kuanza."

Mama akakigeuzageuza. Soli haikuwa na kasoro yoyote. "Inataka kuanza kweli," akasema, akachukua gundi.

Kule mwisho wa foleni Muuza Vitunguu alisimama akiwatazama wale wawili, kisha akaitazama ile migongo ya watu wa mbele. Akatoka kwenye mstari. Akarudi kizimbani kwake, akajitwika gunia la kwanza, akaja nalo katikati ya soko kuelekea langoni, watu wakimpisha huku na huku. Macho yake yalikuwa yanatazama mbele.